Mkalimani Amehamia Chumbani

Bwera, fundi akiitwa kupeleka waya wa TV chumbani, huanza kwa kuangalia juu. Antena imeelekea wapi, na mlima umekaa upande gani? Mji huu wa mpakani, magharibi mwa Uganda, umejengwa kwenye miinuko, mto Lhubiriha ukiutenga na Kongo, huku milima ya Rwenzori ikipanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109. Mawimbi ya televisheni yanapenda njia iliyonyooka. Nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima inaweza kupata picha safi wakati jirani yake wa bondeni anahangaika na mti wa mkaratusi mrefu kuliko paa.

Zamani mahangaiko hayo yalikuwa na furaha yake. Tangu Uganda Television ianze kurusha matangazo mwaka 1963, mtu aliyekuwa mbali na mnara alipata chenga, lakini sauti aliisikia, na mpira aliuona hata kama wachezaji walikuwa vivuli tu. Mtoto mmoja alikuwa nje akizungusha mti wa antena, wengine ndani wakipaza sauti: "Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Nyumba nzima ilikuwa kazini.

Mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 2006 ulipanga mwisho wa mfumo huo wa analojia kwa nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati kuwa 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia: Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia 31 Desemba 2012. Uganda ilianza kuzima mwaka 2015, ikiwa imechagua mfumo wa kidijitali wa DVB-T2. Dijitali haina chenga. Picha ni safi kabisa, au inakatika vipande vya mraba na kuganda, kisha skrini inakuwa tupu. Ndiyo maana waya wa chumbani unawasumbua wengi. Kile kikopo kidogo cha kugawa mawimbi, chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea, hupeleka kila upande chini kidogo ya nusu ya nguvu iliyoingia. Ongeza mita 20 za waya, na karibu nusu ya kilichobaki inapotelea njiani. Kama sebuleni mawimbi yalikuwa yanatosha kwa shida, chumbani hakuna kitu, na huenda na sebule yenyewe ikazimika.

Kuna njia mbili. TV mpya yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake haihitaji dekoda kwa stesheni za bure. Ipelekewe waya wa antena tu, itafute stesheni zake. (TV za zamani zenye kipokezi cha DVB-T cha mwanzo hazitaona kitu, hata muuzaji aape vipi kwamba ni za dijitali.) Njia ya pili ni kuvuta nyaya za njano, nyekundu na nyeupe kutoka kwenye dekoda ya sebuleni. Hiyo ni rahisi, ila vyumba vyote viwili vitaona stesheni ileile. Baba akiwa kitandani anasikiliza mahubiri, kijana wa sebuleni anabonyeza rimoti, na mchungaji anageuka kuwa mshambuliaji wa Arsenal.

Watu huiona njia hii ya pili kuwa ya kimaskini. Mwandishi wa safu hii anaiona ina hekima, na sababu yake ni lugha.

Nyumba ya Bwera au Kasese haina lugha moja. Bibi anasema Lhukonzo. Mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, anasema Kiswahili, na Kifaransa kidogo. Watoto wanasoma kwa Kiingereza. Televisheni ya Kampala nayo huzungumza zaidi Kiingereza na Kiluganda. Redio za Kasese zinamfikia bibi kwa lugha yake, televisheni haimfikii hivyo. Kwa hiyo sebuleni daima kuna mkalimani, na mara nyingi ni mtoto wa shule. Waziri anasema sentensi tatu, mtoto anatoa moja, mjomba anamsahihisha, bibi anauliza swali ambalo mtangazaji hakulifikiria. Habari inaingia nyumbani kwa ubishi huo.

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini katika mlipuko ulioanzia Kongo: mtoto wa miaka 5 aliyekuwa amevuka na familia yake kutoka Kongo, akatibiwa Bwera. Kwa watu wa huku hiyo haikuwa habari ya mbali. Kusalimiana kwa mikono, kuosha maiti, kwenda sokoni Mpondwe, kila kitu kilihitaji kuelezwa upya. Ujumbe kama huo ukisomwa kwa Kiingereza, mwenye kuuelewa akiwa peke yake chumbani amefunga mlango, bibi anabaki na picha za watu waliovaa mavazi meupe na minong'ono ya jirani.

Hii haimaanishi kwamba TV ya chumbani ni anasa. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kujilaza na kutazama tamthilia yake bila kuombwa maji. Mzee aliyepooza miguu, ambaye sebule imekuwa safari kwake, anastahili waya huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kinachotia shaka ni desturi ya kuanza na vyumba vya vijana, wale wale wenye Kiingereza, kisha kulalamika kwamba wazee hawafuatilii mambo ya nchi.

Basi anayepanga kununua waya mwezi huu aanze na chumba cha mgonjwa au mzee, achague waya mnene wa antena, aachane na kikopo cha kugawa kama mawimbi ni dhaifu, na akubali stesheni moja kwa nyumba nzima ikibidi. Na humo chumbani kwa mzee aweke viti viwili, kimoja kiwe cha mjukuu anayejua Kiingereza.