Barua Isiyotaja Gharama

(Luka 14:25-33)

Sote twalijua neno la Bwana wetu juu ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuipima fedha yake. Leo twataka kulitazama neno hilo kwa habari ya mwanamke mmoja Mwingereza, jina lake Rebecca Burlend, aliyehamia Marekani mwaka 1831.

Rebecca na mumewe John walilima shamba la kukodi katika Yorkshire, na kodi iliwaelemea. Basi alikuwako Mwingereza aliyetangulia kwenda Illinois, naye aliwaandikia watu wa kwao barua za kusifu wingi wa nchi ile. John alipozisikia, moyo wake ukavutwa, Rebecca hakutaka. Lakini walipofika bandari ya Liverpool, John mwenyewe akalegea, akataka kurudi, na ndiye Rebecca aliyemtia nguvu. Wakapanda merikebu pamoja na watoto watano.

Wakavuka bahari hata New Orleans, kisha kwa meli ya moshi wakaupanda mto Mississippi mpaka St. Louis, na toka huko mto Illinois. Usiku mmoja wa Novemba wakashushwa ukingoni, mahali paitwapo Phillips Ferry. Walidhani watashukia mjini. Kumbe hapakuwa na mji, wala taa, wala mtu wa kuwalaki. Mume na mke wakatazamana, wakalia. Na watoto walipowaona wazazi wao wanalia, wakalia nao. John akaenda gizani kutafuta nyumba, Rebecca akabaki juu ya mizigo na watoto wake. Nao walipomwona yule mwenye barua, walimkuta katika kibanda cha magogo, hali yake ni ya kimaskini.

Je, alisema uongo? Sisi hatuoni hivyo. Nchi ilikuwa njema kweli. Serikali iliuza ardhi kwa dola 1.25 kila ekari, nao wakapata ekari 80. (Wala tusisahau kwamba ardhi ile ilikuwa ya Wahindi Wekundu, ambao miaka ile ile walikuwa wakisukumwa ng'ambo ya Mississippi.) Barua ilisema kweli, ila ilikuwa nusu ya kweli. Ilitaja mavuno, haikumtaja mvunaji. Maana mwaka 1832, ngano yao ya kwanza ilipoiva, John alijikata vibaya gotini, akalala kitandani. Rebecca akashika mundu mwenyewe, pamoja na mwanawe mdogo, wakavuna ekari tatu. Aliyepata kuvuna kwa mundu na afikiri maana ya ekari tatu.

Ndugu waalimu, barua ya namna ile nasi tumeiandika, si kwa wino, bali kwa vinywa vyetu. Tulimbatiza kijana mmoja, tukamfundisha furaha na amani ya watoto wa Mungu. Baba yake alipokufa, alikataa kushiriki matambiko. Baba zake wadogo wakamnyang'anya mbuzi na shamba. Akatujia usiku, akasema, "Mchungaji, mbona hamkuniambia?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemfundisha mwaka mzima, na sura hii ya Luka tuliiruka, tukiogopa asije akarudi nyuma.

Rebecca hakufanya hivyo. Baadaye, mashamba yao yalipokwisha kuongezeka, alimsimulia yote mwanawe Edward, mwalimu wa shule aliyebaki Uingereza, naye akayaandika katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1848, kiitwacho Picha ya Kweli ya Uhamiaji. Humo hakuficha usiku ule wa ukingoni, wala machozi, wala goti la mumewe. Hakuwakataza watu kwenda, wala hakuwabembeleza. Naye mwenyewe alikaa Illinois hata akafa, mwaka 1872.

Darasa letu jipya la ubatizo tumelianza kwa Luka 14. Tuliwaeleza mambo ya matambiko na ya urithi, na yule kijana akasimama akawaambia yaliyompata. Watu wawili wameomba wangoje kwanza. Hatukuwakemea, twawatembelea nyumbani kwao kila juma.