Mashine Haisikii Poloniamu

Marekani ina mpango unaoitwa Securing the Cities. Serikali inalipia vifaa vya kupima mionzi, polisi wanavibeba mkandani na kwenye magari, ili mtu akiingiza vitu vya nyuklia vya magendo mjini anaswe kabla hajafika penye watu. Ulianzia New York, ukafika Los Angeles, Chicago na Houston.

Sicheki. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, wasaka chuma chakavu wawili waliingia kliniki iliyohamwa wakabeba mashine ya kutibu saratani. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka sita, na zaidi ya watu 100,000 wakapimwa. Sasa fikiria unga huo Kamukunji, mahali chuma kinagongwa kutwa.

Lakini mimi ni mtu wa Ntimaru, na kwetu mionzi iko kwenye jani. Vinyweleo vya tumbaku hunasa chembe kutoka hewani, mbolea ya fosfeti inaongeza, na jani linabeba poloniamu-210 kidogo sana. Poloniamu hiyohiyo, kwa kiasi kisicholinganishwa kabisa, ndiyo iliyomuua Litvinenko kule London mwaka 2006. Malango ya kupimia malori husikia gama na nyutroni. Miale ya alfa ya poloniamu huzuiwa hata na karatasi, kwa hivyo lori la tumbaku likipita, poloniamu iliyomo mashine haiisikii.

Nisitie chumvi. Poloniamu inamngoja mvutaji. Kinachomtapisha mama yangu ni nikotini, inayopenya ngozini akichuma majani yenye umande. Jioni kichwa kinamzunguka, analala bila kula. Asubuhi, huyo shambani.

Kwa nini hofu moja ipate bajeti na nyingine ipate pole tu? Nadhani ni nia. Gaidi ana nia, na baada ya Agosti 7, 1998, hakuna Mkenya wa kufundishwa hofu hiyo. Mama hakushambuliwa na mtu. Alitia sahihi mkataba, akakopeshwa mbegu na mbolea, akakatwa kwenye malipo. Kila mtu alikubali, karatasi zipo. Ukitafuta wa kukamata, humpati, na serikali isipoona wa kukamata inaona kama hakuna kilichotendeka. Hapo ndipo nakataa. Mwili hauulizi kama sumu ilitumwa ama ilikuja tu na kazi.

Tangu 2022 kuna mradi wa Umoja wa Mataifa hapa Migori wa kuwahamisha wakulima kutoka tumbaku hadi maharagwe. Mama amepanda maharagwe robo ekari. Kwingine bado ni tumbaku, na mimi, mwenye maneno haya yote, sijamwambia aache. Semesta nne nilizosoma kabla ya kutoka chuo zililipwa na jani hilo, na deni lililobaki bado analilipa.