Je, Nyumba ya Ukimbizini Inahitaji Ukingo?



Mama mmoja wa kanisa letu ana mtoto wa miezi tisa. Mtoto ameanza kutambaa, na akishika ndoo anasimama dede. Tangu siku hiyo mama hamweki chini. Anapika naye mgongoni, anachota maji naye mgongoni, na mtoto akilia kutaka kushuka, mama anakaza kitenge. Mzee mmoja alimshauri wajenge ukuta mdogo kuzunguka mafiga, ili mtoto apate nafasi. Mama akajibu: “Nijenge nini hapa? Hapa si kwetu. Kesho tunaweza kuondoka.” Tuliokuwepo tulinyamaza, kwa sababu maneno hayo yamo moyoni mwa kila mmoja wetu.

Lakini tujiulize: je, ni haki mbele za Mungu kuahirisha usalama wa mtoto kwa sababu nyumba ni ya muda?

Sisi tuliofika Nyarugusu mwaka 1996, kambi ilipofunguliwa, tulisema vivyo hivyo chini ya turubai. Watoto waliotambaa katika vumbi lile sasa ni watu wazima, na wengi wamekuwa wazazi. Sisi tulikuwa tunangoja, wao hawakungoja. Mtoto hasubiri kurudi Fizi au Uvira ndipo atambae.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, kwa kuwa watu walitembea huko juu. Mtu akianguka mahali pasipo na ukingo, damu yake ni juu ya nyumba hiyo. Tena Kutoka 21:33-34 inasema aliyechimba shimo na kuliacha wazi atalipa mnyama akitumbukia. Ikiwa ng’ombe alihesabiwa hivyo, je, mtoto? Basi tusiwe wepesi kusema “ni mapenzi ya Mungu” au kumtafuta mchawi, wakati shimo tulilochimbia matofali limejaa maji ya mvua nyuma ya nyumba.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mzazi aliyekwisha kulia. Umaskini nao una sehemu yake, na mama mmoja hana macho kumi. Ndiyo maana shimo la jirani ni jambo la jirani pia, na la kanisa zima. Wala si haki kumwachia dada wa miaka saba mzigo huo, kisha likitokea jambo tumpige yeye.

Hata hivyo, kumfunga mtoto mgongoni kutwa nzima si jibu. Hosea 11:3 inamwonyesha Mungu kama mzazi aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Anayefundishwa kutembea lazima aguse ardhi, na lazima aanguke. Kuna kuanguka kunakofundisha na kuna kuanguka kunakoharibu. Akianguka kwa makalio juu ya mkeka, anacheka na kujaribu tena. Akiangukia motoni, hajifunzi kitu. Kazi ya mzazi ni kuondoa kule kwa pili na kuruhusu kule kwa kwanza.

Tufanye nini? Kwanza, piga magoti, utambae ndani ya nyumba yako mwenyewe. Utaona wembe, betri ya redio, karanga na maharage yanayoweza kumkaba.

Pili, moto uwe nyuma ya ukuta wa matofali, na sufuria ya moto isikae chini anapopita.

Tatu, beseni likishatumika limwagwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu wako. Choo na mashimo yafunikwe.

Nne, mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe, mkimbize zahanati. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpeleke.

Tano, mpe sababu ya kutembea. Tandika mkeka, weka kikombe cha plastiki mbele kidogo, mwite jina lake, mpigie makofi. Baba naye akae chini. Hilo si aibu. Asipotembea siku ile ya mtoto wa jirani, usimcheke: wengine huanza kabla ya mwaka mmoja, wengine baadaye, na wote ni wazima. Akifikisha mwaka na nusu bila kutembea, muulize mhudumu wa afya.

Vijana wa kwaya walimjengea mama yule ukuta wa mafiga kwa siku moja, kwa udongo wa hapa hapa, bila kununua chochote. Huenda familia ile ikaondoka na ukuta ukabaki. Si hasara. Mtoto ataondoka na miguu yake.

Wiki hii, katika maombi ya nyumba kwa nyumba, kila kikundi kitazame: ni shimo gani katika mtaa wetu halijafunikwa, na nani atalifunika?

Bwana awalinde watoto wetu, kuingia kwao na kutoka kwao. Amina.