Kifungu Kilichomgeukia Mwalimu

Mnamo Septemba 2014 risasi zililia mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, katika ugomvi wa gavana na bunge la kaunti. Watu walijeruhiwa, akiwamo msaidizi mkuu wa gavana. Gavana mwenyewe alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, mtu aliyefundisha sheria kwa miaka mingi na aliyewahi kuongoza Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kama kulikuwa na Mkenya aliyetarajiwa kujua jinsi serikali ya kaunti na bunge lake zinavyoishi pamoja, ni yeye.

Je, aliyeijua haki vitabuni anaijua kweli?

Aristotle alilikabili swali hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mwishoni mwa kitabu chake cha maadili analalamika kwamba wanaojitangaza kuwa walimu wa siasa hawajawahi kuifanya, na wanaoifanya hawaifundishi. Mwanzoni mwa kitabu hichohicho anasema kijana hafai kusikiliza somo la siasa, kwa kuwa bado hajaonja mambo ya dunia. Lawama ya kufundisha siasa bila kuifanya inamgusa hata yeye. Alikuwa mgeni Athens, hana kura wala haki ya kumiliki ardhi, na mji aliouchambua kwa makini hivyo haukuweza kumpa hata cheo kidogo.

Kibwana alivuka mpaka huo kati ya kufundisha siasa na kuifanya, na hakuuvuka kwa kubembelezwa. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu la kudai katiba mpya. Siku ya Saba Saba mwaka huo, polisi waliwafuata wanamageuzi mpaka ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga humo humo. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Makueni, baadaye akawa waziri. Mwaka 2007 akashindwa uchaguzi, akawa mshauri wa Rais Kibaki kuhusu mambo ya katiba. Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na mwaka 2013 ugatuzi alioupigania ukamkalisha kwenye kiti cha gavana.

Hapo ndipo somo lilipomgeukia. Kifungu cha 192 cha Katiba kinamruhusu Rais kusimamisha serikali ya kaunti, baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kuridhia. Akichukua hatua hiyo, gavana na wawakilishi wa wadi wanaondoka wote. Darasani, kifungu cha namna hii ni swali la mtihani. Makueni, wananchi walikusanya saini kuomba kitumike, maana mvutano wa bajeti ulikuwa umewachosha. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikawasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Waliogombana wakabaki ofisini, ikawabidi watafute namna ya kuishi pamoja.

Ni kosa kuiita hadithi hii ya msomi aliyefeli. Makueni ilijulikana kwa mikutano ya wananchi iliyoanzia kijijini na kupanda hadi kaunti nzima, watu wakiamua wenyewe miradi ya kutangulizwa. Mwaka 2016 ukaja mpango wa afya ambao familia ililipa shilingi 500 tu kwa mwaka. Huko Kalamba kiwanda kikaanza kusindika maembe ya wakulima. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha. Hayo hayakutoka kwenye shahada. Yalimtaka mtu akae chini ya mwembe amsikilize mama asiyejua kifungu hata kimoja, kisha akubali kwamba huyo mama ndiye mwenye kaunti.

Iko pia njia ya kurudi, kutoka madarakani hadi darasani. William Howard Taft aliposhindwa urais wa Marekani mwaka 1912, alikwenda kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Yale, akakaa huko mpaka 1921 alipofanywa Jaji Mkuu. Mwaka 1926, katika kesi ya msimamizi wa posta aliyefukuzwa kazi, ndiye aliyeandika hukumu iliyompa rais uwezo mpana wa kuwaondoa maofisa. Majaji watatu walimpinga. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo bila kumwona rais wa zamani akikitetea kiti alichokikalia. Kuonja madaraka humfumbua mtu macho, lakini pia humfundisha kuyapenda. Kwa hiyo mwanasiasa anayeingia darasani anapaswa kuja na faili lake lote, pamoja na kurasa ambazo angependa zisisomwe.

Vitivo vya sheria vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala vimeshasomesha kesi za London kwa vizazi kadhaa. Ripoti ya tume ya Makueni nayo iwekwe mezani mwaka wa kwanza, na wawakilishi wa wadi waliogombana na gavana waitwe waeleze upande wao.