Picha za Ukutani ni za Nani?

Twauliza neno dogo: tutundikapo picha nyumbani, twazitundika kwa ajili ya nani? Wengi wetu tutajibu, kwa ajili ya mgeni. Sisi nasi tuliweka mkabala wa mlango picha ya mji mkubwa tusiopata kuufikia, na picha ya bibi yetu, iliyochujuka, tukaitia nyuma ya kabati. Siku moja mtoto akaiokota, akauliza, "Huyu ni nani?" Tuliona haya, maana tulikuwa tumemnyima mtoto ukoo wake kwa sababu ya macho ya wageni.

Je, ni kosa kupenda uzuri? Sivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama na ndege huko Dar es Salaam juu ya vibao vya mraba, kwa rangi ya kupakia baiskeli; kazi kama ile huwafurahisha wenyeji na wageni pia. Kosa ni kumwondoa wa nyumbani ili kumpendeza apitaye. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa picha ya bibi i ukutani, mbali na jua lipaushalo rangi, mbali na upande upigwao na mvua. Msumari tumeupigilia katika mti wa ukuta, si katika udongo mtupu, usije ukang'oka. Wala hatukuitundika juu karibu na dari, bali pale yafikapo macho ya mtoto. Mgeni akitaka kuitazama, na ainame kidogo.