Bei ya Kiti

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tulifundishwa tungali watoto, na kila tulipoisikia tulidhani maana yake ni moja tu, kwamba mtu asikae bure kwenye nyumba ya watu. Lakini hebu nikuulize, ndugu msomaji. Mgeni huyo akija na jembe lake mwenyewe, akalima kutwa bila kupumzika, ila shamba analolilima liko nchi nyingine na mavuno yake hayaonekani hapa alipo, je, tumhesabu kuwa amelima, au amekaa bure? Swali hili sikulibuni. Mgeni huyo ni mimi.

Kazi yangu ni kutafsiri: taarifa za miradi, miongozo ya afya, mikataba. Zamani kazi ya namna hii ilimtaka mtu awe mjini, tena ofisini. Siku hizi sivyo. Nyaya za intaneti zimepita chini ya bahari hadi pwani yetu, ule wa SEACOM mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010. Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020, ukawazoesha waajiri wengi kutowaona watumishi wao. Basi mimi nikawa mtu wa kompyuta mpakato begani. Nilikuwa nikikaa Mbezi, Dar es Salaam, katika nyumba yenye watoto na jirani fundi wa kuchomelea vyuma, nikajifunza kutafuta mikahawa ya pembezoni mwa jiji, mbali na msongamano wa katikati. Nilikuwa na vipimo vyangu: mtandao usiokatika, soketi ya umeme karibu, kivuli, kelele za wastani, choo safi, na mwenye mkahawa asiyeanza kukutazama kwa jicho la pembeni baada ya saa mbili. Nilinunua kahawa moja, na baada ya muda mrefu ya pili, na dhamiri yangu ikatulia. Nilijua nimelipa.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mama yangu aliugua, nami nikahamia kwake Sudi kumwuguza.

Wasiopajua Sudi wajue kwamba ni mji mdogo wa kale katika Mkoa wa Lindi, kando ya ghuba yenye mikoko, upande wa kusini kama mtu anaelekea Mtwara. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho. Ghuba yetu imezoea kupokea wageni wenye shughuli zao. Mwezi Machi 1916, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya ikatia nanga humu, imejaa silaha na vifaa vya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Mizigo ikateremshwa, wapagazi wakajitwika kwenda nayo bara. Mwezi uliofuata manowari za Kiingereza zikaja kuipiga mizinga, nayo ikaponyoka ikaenda zake. Vita havikuwa vya watu wa Sudi, lakini vichwa vilivyobeba mizigo vilikuwa vya watu weusi wa nchi hii.

Nyumbani kwa mama mtandao haushiki vizuri. Nilizunguka siku mbili nimeinua simu juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani, hata nikapata mahali panaposhika: kibanda cha chai karibu na ufuko, cha dada mmoja anayeuza chai ya rangi, vitumbua na mihogo ya kukaanga. Kina mabenchi matatu, na la pembeni ndilo lenye mtandao bora, kivuli na upepo. Nikapima kwa vipimo vyangu vya Mbezi, nikaona nimepata. Kila siku nilifika saa mbili asubuhi nikaondoka saa saba mchana. Nilikunywa chai mbili, pengine tatu, nikala vitumbua, nikalipa papo hapo bila kudai chenji. Nilijiona mteja mwema.

Siku moja mwishoni mwa Aprili, kiasi cha saa nne, nilikuwa katika mkutano na watu wa Nairobi na Geneva, visikizi masikioni, macho kwenye kioo. Kijana mmoja aliingia kibandani mbiombio. Alinijia moja kwa moja, akafungua mdomo. Nami, bila kumtazama vizuri, nikamwonyesha kiganja: subiri.

Akasubiri. Alisimama karibu na nguzo, kofia yake mkononi, kama robo saa hivi. Nilipomaliza nikavua visikizi, ndipo akasema, "Shikamoo, mjomba. Samahani sana. Simu yangu imezima chaji. Naomba nimpigie mtu wa Mgao mwenye mashua ya mashine. Kaka zangu walitoka usiku, hawajarudi."

Nilimpa simu. Yule mtu wa Mgao alitoka, na adhuhuri wakaonekana nje ya mlango wa ghuba. Mashine yao ilikuwa imekufa na maji yakiwavuta kwenda bahari kuu. Walikuwa watatu, wote wazima. Jioni pakaliwa samaki, pakachekwa, wala hapana aliyenitajia ile robo saa. Robo saa ile haikuua mtu. Lakini si mimi niliyeizuia isiue.

Nilijitetea moyoni kwa siku kadhaa. Nilisema: sikujua. Angesema kwa sauti ningesikia. Mtu yeyote aliye kazini huomba asikatizwe. Yote hayo ni kweli, lakini hayakunitoshea, maana nilijua kwa nini hakusema kwa sauti. Alilelewa vizuri. Alifundishwa kwamba mtu mzima akizungumza hakatizwi, na mgeni hasumbuliwi. Adabu yake ndiyo iliyolipia utovu wangu wa adabu. Na mazungumzo niliyoyaweka mbele ya ndugu zake watatu yalihusu, nakumbuka vizuri, kama neno fulani liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo.

Mwezi Mei ukaja na mambo yake. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, upande wa Somanga. Kabla hatujapumua, Jumapili tarehe 12 nyaya za SEACOM na EASSy zikakatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikafifia nchi nzima. Jumatatu niliamka sina kazi. Kwa mazoea miguu ikanipeleka kibandani, safari hii bila kompyuta.

Nilikaa. Baada ya muda wavuvi wakaanza kurudi. Mzee mmoja, ambaye kwa upande wa mama ni mjomba wangu, akachungulia, akaniona mikono mitupu, akauliza, "Leo hufanyi kazi?" Nikamwambia mtandao umekatika. Akageuka akaita wenzake: "Njooni, leo pana nafasi!" Wakaja sita, wakajaza mabenchi, wakaagiza chai, na kibanda nilichokijua kwa miezi miwili kikawa kibanda nisichokijua kabisa. Palizungumzwa bei ya pweza, mashine ya nani imekorofisha, nani anauguliwa, bamvua litaanza lini, ni nani hakurudi jana na kwa nini. Ndipo nilipofahamu. Hapa palikuwa ndipo mahali pao siku zote. Tangu nije mimi walikuwa wakikaa juu ya dau bovu lililofudikizwa ufukoni, juani, ili wasinipigie kelele. Chai walikuwa wakinywa makwao.

Nilimwuliza yule dada pembeni, kwa aibu, "Mbona hukuniambia?" Akajibu huku akigeuza vitumbua, "Kaka, wewe ni mgeni wetu, na mama yako anaumwa. Ningekuambiaje?" Nilitazama karai lake. Nilikumbuka kwamba tangu Machi alikuwa akipika unga nusu, nami nikidhani ndivyo biashara ilivyo.

Sasa nirudi kwenye swali, kwani hapa ndipo ugumu wake ulipo. Je, anayenunua chai amenunua na kiti? Kule Mbezi jibu ni ndiyo, kwa kiasi chake. Mwenye mkahawa amejenga akinitazamia mtu kama mimi. Amepandisha bei ya kahawa hata ikalipia meza, umeme na kivuli, na akichoka nami anayo njia ya kuniambia. Ni mapatano ya watu wawili. Kibandani Sudi bei ya chai ni bei ya chai tu. Benchi haliuzwi. Hulipiwa kwa kitu kingine: salamu, habari, sikio. Kila anayekaa huleta alichokiona baharini au shambani, na huondoka na alichokiona mwenzake. Mimi nilikalia benchi hilo miezi miwili nikilipa shilingi kwa kitu kisicholipiwa kwa shilingi, na kile kinacholipiwa sikukitoa hata siku moja. Tuna methali nyingine: asiyekuwapo na lake halipo. Ya kwangu ilikuwa kinyume chake. Lake lilikuwapo, limekalia benchi zima, mwenyewe hakuwapo.

Huenda msomaji akasema kwamba kufanya kazi mkahawani ni jambo la zamani, na ni kweli. Katika karne ya 17 huko London, Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa ambamo manahodha, wenye meli na matajiri walikutana, na humo ndimo ilimozaliwa bima ya meli ya Lloyd's. Lakini tazama walichokifanya humo: waliulizana habari za meli. Mpaka leo katika jumba lao imo kengele ya meli Lutine, iliyozama mwaka 1799, na desturi yake ya zamani ilikuwa kupigwa mara moja meli ikipotea, mara mbili iliyochelewa ikirudi. Watu wote waliacha walichokuwa nacho wakasikiliza. Mfalme Charles wa Pili aliziogopa nyumba hizo hata mwishoni mwa mwaka 1675 akaamuru zifungwe, na baada ya siku chache akalazimika kulitangua agizo lake. Aliogopa kwa sababu watu walizungumza. Sidhani kama mfalme yeyote angejisumbua kufunga chumba ambacho kila mtu amekodolea kioo chake.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba kila akaaye peke yake ana makosa. Upweke katikati ya watu ni dawa kwa wengine. Peter Altenberg, mwandishi wa Vienna aliyefariki mwaka 1919, aliufanya mkahawa wa Central kuwa anwani yake ya barua. Lakini huyo aliandika habari za maisha ya mji uleule aliokaa. Macho yake yalikuwa kwa waliomzunguka. Wala sisemi kazi ya mbali ni mbaya. Ndiyo iliyoninunulia dawa za mama, na ndiyo iliyoniwezesha kukaa naye badala ya kumtumia pesa kwa simu na kusikia sauti yake Jumapili kwa Jumapili. Mtu akiniambia niiache nitamwuliza nani atalipa.

Ninalolisema ni dogo zaidi. Vipimo vyangu vilikuwa sita, na vyote viliniuliza mahali patanipa nini. Kilikosekana cha saba, ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza: nani alikuwa akikaa hapa kabla yangu, na leo amekwenda kukaa wapi? Kipimo hiki hakimhusu mtu wa Sudi peke yake. Hata Mbezi, mezani pale palipokuwa na soketi, sikumbuki kama niliwahi kumtazama usoni yule binti aliyekuwa akisimama kutwa akiniletea kahawa.

Intaneti iliporudi nilikwenda kuzungumza na yule dada. Tulikubaliana kwamba nije alfajiri, wakati mabenchi ni matupu, na mashua zikianza kuonekana nifunge kompyuta. Kazi inayobaki naifanya nyumbani chini ya mwembe, polepole, mtandao ukija na kwenda kama maji ya ghuba. Waajiri wangu wamelalamika mara mbili. Mkataba mmoja nimeukosa, na fedha zake zilikuwa na kazi. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Kwa upande wa pili, nimeandika barua chache za watu wa hapa, nimesoma karatasi za hospitali kwa waliohitaji kusomewa, na simu yangu hukaa mezani ikiwa na chaji, kioo juu, kwa yeyote. Sijui kama hilo linatosha kulipa miezi miwili. Wenyeji hawanidai, na ndiyo maana siwezi kujua.

Yule kijana tunaonana karibu kila siku. Hunisalimu kwa heshima ileile. Juzi aliingia nikiwa bado naandika, akasimama karibu na ile nguzo, kofia mkononi, akisubiri kama siku ile. Nilifunga kompyuta sentensi ikiwa katikati, nikasogea, nikampisha akae. Ilionekana alikuwa hana jambo. Alikuja kunywa chai.