Deni la Aliyehesabu

Hapa Saint-Josse mtu akihamia husubiri mlango ugongwe. Polisi wa mtaa huja kuhakikisha kama kweli unaishi ulipoandika. Wengi wetu tuliona udhia, mgeni kuja kuchungulia kitanda chako. Lakini akiridhika unaingia kwenye daftari la manispaa, na tangu siku hiyo una la kudai. Aliyekuhesabu ana wajibu kwako.

Tuliyakumbuka hayo juzi tukizungumzia mabusha. (Tuyataje tu kwa jina, aibu imeyalea vya kutosha.) Mabusha na matende husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Dawa za kumeza hupunguza maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa kidonge, linataka kisu. Upasuaji wenyewe si mkubwa. Kazi ni kumpata mgonjwa, maana pwani yetu ina wanaume waliojisitiri ndani ya kanzu na misuli kwa miaka mingi.

Dar es Salaam walijaribu simu. Wahudumu wa afya walifundishwa kutuma ujumbe mfupi: mgonjwa yuko wapi, ana busha au tende, limefikia kiasi gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 unaeleza kwamba waliorodheshwa wagonjwa zaidi ya 6,800. Sisi wahandisi tulisifu sana: kazi kubwa kama hiyo kwa ujumbe ambao hata simu ya tochi inautuma!

Kisha mmoja wetu akauliza: na yule mzee aliyemfunulia kijana wa jirani siri ambayo hata wakwe zake hawaijui, amepata nini? Tukajibu kwamba bila idadi hakuna bajeti. Ni kweli. Lakini bajeti huombwa kwa ajili ya maelfu, na siri aliitoa yeye peke yake, akiamini kuna daktari nyuma ya ile simu. Asipoitwa, tumemvua nguo bure.

Kwenye vikope, ugonjwa unaogeuza kope zikakwaruza jicho, simu imekwenda mbele zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyepasuliwa aangaliwe tena kati ya miezi 3 na 6, kwa kuwa kope huweza kurudi ndani. Programu ya TT Tracker ya shirika la Sightsavers humwandika mgonjwa, upasuaji aliofanyiwa na marudio yake. Hapo mwenye kisu naye anahesabiwa, jambo lililotupendeza kuliko ufundi wenyewe.

Kama sisi ndio tungeuchora mfumo wa mabusha, tungeongeza nafasi moja tu: tarehe ya upasuaji. Ikibaki tupu miezi mitatu, simu ilie mezani kwa mganga mkuu wa manispaa, na iendelee kulia.